Barua kwa mwanangu: Anza na kiatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza kwamba ukimaliza mwaka wako wa mafunzo kazini ukaja kunipokea kazi kwenye kliniki yangu ya miguu, utakuwa umepokea kitu gani hasa. Na kwa nini mimi, niliyekuwa njiani kuwa daktari wa upasuaji, nikageuka nikaenda kushika miguu ya watu miaka 31. Nimekawia kujibu kwa sababu jambo hili sikutaka kulisema harakaharaka kwenye simu.

Nianze na mguu mmoja.

Nilikuwa daktari mchanga, na siku ile kazi yangu chumba cha upasuaji ilikuwa kushika tu. Daktari mkuu anakata chini ya goti, msaidizi anaushikilia mguu usicheze. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba msumeno ukishamaliza, uzito wote unakuangukia mikononi kwa ghafla. Niliubeba ule mguu hadi meza ya pembeni, na kabla ya kuufunika niliugeuza nikautazama unyayo. Pale chini ya kidole gumba, kwenye fundo tunalokanyagia, palikuwa na sugu nene ya manjano, na katikati ya sugu tundu ambalo ncha ya penseli ingeliziba. Usaha ulikuwa umepitia pale ukapanda mpaka kifundoni.

Jioni nikalichukua faili lake. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na mwaka ule peke yake alikuwa ameonekana hospitalini mara 6. Sukari ilipimwa mara 6, presha mara 6, dawa zikaandikwa. Nilitafuta ukurasa unaosema kuna mtu alimwambia avue viatu. Haukuwepo.

Usiku ule sikulala. Mimi mwenyewe kliniki ya kisukari nilikuwa nimekaa miezi mitatu, na sikumbuki kumvua mtu kiatu hata mara moja.

Wewe umeshasoma haya, lakini nataka uyaone kwa jicho la mtu anayeyaangalia kila siku. Sugu huota mahali panaposuguliwa na kubanwa kupita kiasi. Mimi na wewe pakituuma tunachechemea, tunabadilisha kiatu, tunatafuta pa kukaa. Mtu ambaye kisukari kimemuulia neva za miguu hasikii maumivu, hivyo hachechemei. Anakanyaga palepale, maelfu ya hatua kwa siku, na ile sugu inakuwa kama kijiwe kilichobandikwa kwenye unyayo. Nyama iliyo chini yake inapondeka na kuvuja damu huku ngozi ya juu ingali nzima. Ukiona doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu, basi kidonda kipo tayari, ila bado hakijafunguka.

Aliyenifumbua macho ni daktari ambaye sikuwahi kukutana naye, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na kurudi huko kufanya kazi mji wa Vellore mwaka 1946. Wakati ule watu wengi, madaktari wakiwemo, waliamini kuwa ukoma huozesha vidole vyenyewe. Brand akakaa na wagonjwa, akachunguza kila jeraha limetoka wapi: huyu kashika chombo cha moto, yule katembea na msumari ndani ya kiatu. Akaona kwamba nyama yao haina kasoro ya kuoza. Kilichopotea ni maumivu, yaani ule ulinzi. Akawafunga vidonda vya unyayo kwa plasta ngumu ili uzito usambae mguu mzima, na vidonda vilivyokaa wazi miaka vikafunga. Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani, na ujuzi ule uliotoka kwa wagonjwa wa ukoma ukaanza kuokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Nilipoyasoma hayo nilijua nimeshapata kazi yangu. Wenzangu walidhani upasuaji umenishinda, na sikupoteza muda kuwaeleza.

Mwingine ni Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Unakumbuka wale watoto wachanga waliokuwa wakija na plasta mpaka mapajani, ukiwa mdogo ukiwachezea pale kwenye benchi la mapokezi? Hiyo ndiyo njia yake. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, mguu uliojipinda kwa ndani, unaunyoosha taratibu kwa mikono, unafunga plasta, wiki ijayo unafungua, unasogeza kidogo tena, unafunga. Plasta 5, 6, wakati mwingine 7. Mara nyingi unamalizia kwa mkato mdogo kwenye kano la kisigino, kisha viatu vilivyoungwa kwa fimbo: saa 23 kwa siku miezi 3 ya mwanzo, na baadaye wakati wa kulala tu hadi mtoto afikie miaka 4 hivi. Ponseti alianza miaka ya 1940, lakini madaktari wa upasuaji wengi hawakumfuata mpaka miaka ya 1990, alipokuwa mzee. Mimi naamini walimpita kwa sababu njia yake haina ushujaa wa kisu. Kinachomponya mtoto ni mzazi anayemvisha vile viatu kila usiku bila kuchoka, na daktari anayempigia simu kuuliza kama amevivaa.

Sasa kuhusu kuanzisha kliniki. Sikuianzisha kwa kupenda biashara. Baada ya mafunzo ya miguu nilirudi hospitali nyingine, na siku moja akaja mama mwenye lengelenge kwenye kisigino, limetokana na viatu vipya. Nilimwandikia arudi baada ya siku tatu. Mapokezi wakampa tarehe ya wiki sita mbele, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kwanza kwenye daftari. Alirudi wiki ya tano, kabla ya tarehe yake, akisindikizwa na bintiye. Kisigino kilikuwa cheusi. Mguu haukupona. Niliomba chumba kimoja na muuguzi mmoja ili mwenye kidonda cha mguu aonwe siku hiyohiyo, nikaambiwa miguu itapangiwa baadaye. Nikangoja mwaka mzima. Halafu nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nilianza na chumba kimoja. Vifaa vilikuwa vichache: kiti kirefu cha mgonjwa, kigoda changu, chombo cha mvuke cha kutakasia visu na makoleo, taa nzuri, kifaa cha kusikiliza mapigo ya damu mguuni, na ule uzi wa nailoni wa kupimia kama unyayo bado unahisi, unaojipinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa muuguzi, na kazi niliyompa kwanza haikuwa kufunga vidonda. Ilikuwa simu. Mgonjwa mwenye kidonda asipofika siku yake, anapigiwa kabla hatujafunga mlango jioni. Kabla sijapaka hata rangi ukutani nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa mishipa ya damu, nikamwomba ahadi moja: nikimpeleka mtu mwenye mguu wa baridi usio na mapigo, ampokee siku hiyo. Alikubali, akaitimiza mpaka alipostaafu. Bila ahadi ile kliniki yangu ingekuwa mahali pa kufungia bandeji juu ya miguu inayokufa.

Umeniuliza pia kama inalipa, na una haki ya kujua. Kucha zilizoota kwa ndani zinalipa. Maumivu ya kisigino ya asubuhi, wakimbiaji, soli za kupimiwa, hao ndio wanaolipa kodi na mishahara. Vidonda vinakula muda na vifaa, na wenye navyo mara nyingi hawana kitu. Zaidi ya hapo, kazi yetu bora kuliko zote hairudishi chochote: ukimkwangua mtu sugu yake kila baada ya wiki 6 kwa miaka 10 na kidonda kisitokee, hakuna atakayekushukuru kwa kidonda ambacho hakikuwepo. Miaka minne ya mwanzo sikujilipa mshahara wa maana. Wewe uliyaona hayo nyumbani, na najua baadhi ya mambo uliyoyakosa utotoni yalikwenda pale. Siwezi kukurudishia. Naliandika hapa ulijue kwamba nalijua.

Na lazima nikueleze kosa langu kubwa, maana nalo utalikuta kwenye mafaili. Mwaka wa pili alikuja mwalimu mmoja, mguu wa kulia umevimba, mwekundu, wa moto. Alisema hauumi sana. Hakukuwa na kidonda, mapigo yalikuwa mazuri, picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Nikasema umeteguka, nikamwambia atembee kidogokidogo usikakamae. Alinisikiliza, akatembea. Baada ya miezi miwili alirudi na uvungu wa mguu umeporomoka, unyayo umebinuka kwa chini kama kitako cha mtumbwi. Ulikuwa mguu wa Charcot. Mifupa ya mguu usiosikia maumivu inavunjika na kulainika ndani kwa ndani, na mwanzoni picha inaweza kuwa safi kabisa. Ilitakiwa plasta na mapumziko kwa miezi, kuanzia siku ile ile. Nilimweleza kwamba kosa ni langu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuendelea kuja kwangu. Alikuja miaka 17. Tangu siku ile, mwenye neva zilizokufa akija na mguu mmoja wa moto na uliovimba, kwangu huo ni Charcot mpaka nithibitishe vinginevyo, na kipimo cha joto cha ngozi hakikosekani mezani. Tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi kati ya mguu huu na ule inatosha kunishtua.

Basi utapokea nini? Jengo ni la kupanga. Vifaa vingine vimezeeka, na kiti cha chumba namba 2 kinahitaji fundi. Unachopokea hasa ni lile daftari la simu, ambalo sasa liko kwenye kompyuta lakini bado tunaliita daftari. Mle ndani kuna watu ambao kidonda chao kimeshafunga. Usiwaite waliopona. Kati ya watu 100 waliofunga kidonda cha kisukari mguuni, kama 40 kinawarudia ndani ya mwaka mmoja, na ikifika miaka mitano ni kama 65. Hao ni wako maisha yao yote, au yako. Kazi haimaliziki, na kama unahitaji kazi yenye kumalizika, niambie bila kuogopa. Nitatafuta mtu mwingine wa kunipokea na mapenzi yangu kwako hayatapungua hata chembe.

Ukitaka kujaribu kabla ya kuamua, njoo wiki ya kwanza ya likizo yako. Alhamisi ya kwanza kuna bibi mmoja mwenye miaka 81, amekuwa akija tangu wewe uko shule ya msingi, na hajapoteza kidole hata kimoja. Nitakuachia wewe umwone, mimi nitakaa pembeni. Mkaribishe kwenye kiti kirefu, wewe ukae kwenye kigoda ili magoti yako yawe chini ya miguu yake. Usianze na mguu. Chukua kiatu kwanza, ingiza mkono mpaka kwenye ncha, papasa soli yote kwa vidole taratibu: mkunjo wa ngozi, kijiwe, ncha ya msumari, chochote. Mwaka jana nilikuta humo kifungo cha shati, naye alikuwa amekikanyaga siku mbili bila kujua. Kisha tazama soli ilivyolika, utajua uzito wake unaangukia wapi kabla hujamgusa. Halafu kucha, katikati ya vidole, kisigino. Mapigo mawili, la juu ya mguu na la nyuma ya kifundo cha ndani. Mwisho ndipo uchukue ule uzi. Mwambie afumbe macho aseme ndiyo kila anaposikia, na usiubonyeze juu ya sugu, utadanganyika.

Atakuuliza habari za masomo yako. Mjibu, lakini mikono isisimame.

Mama yako