Fuata mistari myeupe: maswali yenu kuhusu baiskeli vijijini Ufaransa

SWALI: Jambo Mzee. Mimi ni mwenyeji wa Bukavu, sasa nakaa Brussels. Majira ya joto yaliyopita mimi na bwana wangu tulipeleka baiskeli zetu Ufaransa, tukafuata njia tuliyoonyeshwa na simu. Malori yalitupita karibu mpaka usukani ukawa unatetemeka mikononi. Bwana anasema barabara tulivu zipo tele, ni sisi tu hatukuzijua. Mimi sitaki kurudi. Ni kweli zipo?
Msomaji, Brussels

JIBU: Jambo mama. Pole kwa malori hayo. Zipo, na ni nyingi kuliko za nchi yoyote niliyowahi kupita kwa baiskeli. Bwana wako yuko sahihi, nawe ulikuwa na haki ya kuogopa.

Tuanze na herufi. Barabara ya A ni ya magari ya kasi, baiskeli ni marufuku kabisa. N ni barabara kuu za taifa. Hizo ziache hata pale zinaporuhusiwa. Zinazobaki ni D, barabara za mikoa yao, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. D moja hubeba malori kutwa, nyingine utaikanyaga asubuhi nzima ukapishana na trekta moja na gari la posta. Namba husaidia kidogo, kwani tarakimu zikiongezeka barabara huwa ndogo, ila D zinazoanzia 900 na kuendelea mara nyingi ni kubwa. Mimi naishi Chalon-sur-Saône, na D981 inayotoka hapa kwenda Cluny simshauri mtu yeyote aipite kwa baiskeli.

Ninachokiamini mimi ni ramani ya karatasi. Nunua ya Michelin ya eneo unalokwenda, kipimo cha 1:150 000 au 1:200 000, uitandaze mezani. Barabara nyekundu ni kubwa, za njano ni za kati, nyeupe ni ndogo. Tafuta nyeupe. Ukiona mstari wa kijani umekwenda sambamba na barabara, mandhari ya pale ni mazuri. Ukiona vimishale juu ya barabara, kuna mwinuko: kimoja ni kuanzia asilimia 5, viwili kuanzia 9, vitatu ni zaidi ya 13, na hapo hata mwenye gia nyingi hushuka akasukuma. Kisha jiulize swali moja tu: nani ana haja ya kupita hapa? Barabara inayounganisha miji miwili ina wenyewe. Inayokwenda kwenye kitongoji cha nyumba sita na kanisa haina.

Labda utauliza kwa nini watie lami njia ya nyumba sita. Ufaransa imegawanywa katika komuni karibu 35,000, kila moja ina meya wake na barabara zake za kutunza. Ukijumlisha zote, nchi ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, zimetapakaa kama mishipa ya jani la mhogo. Watu wa vijijini walihamia mijini vizazi vingi vilivyopita, lami ikabaki. Mkoa wa Lozère una wakazi wasiofika 80,000. Creuse, Cantal na milima ya Morvan nako ni vivyo hivyo. Huko utasikia cheni yako mwenyewe.

Na jambo ambalo simu haikwambii: kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, Wafaransa wanakula. Hata barabara za njano hupumua. Kama kuna kipande kibaya usichoweza kukikwepa, kipite saa hiyo. Mrudishe bwana wako, mama, ila ramani ishike wewe.

SWALI: Shikamoo Mzee. Ni mwanafunzi kutoka Moshi, nasoma Lyon. Nimenunua baiskeli kuukuu na ninataka safari yangu ya kwanza ya siku mbili. Naogopa magari sana. Kuna mahali nisipokutana nayo kabisa?
Msomaji, Lyon

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza juu ya barabara ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie.

Ufaransa ina njia ziitwazo voie verte, ambazo magari na pikipiki haziruhusiwi. Ya kwanza nchini ilifunguliwa mwaka 1997 hapa kwetu, kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, juu ya tuta la reli iliyokufa. Reli haikupenda milima, kwa hiyo utapanda bila kujua kuwa unapanda. Panda TER, yaani treni ya kawaida ya mikoani, kutoka Lyon hadi Chalon. Baiskeli hailipiwi humo, lakini wakati wa kiangazi tazama kwanza kama treni yako inataka uweke nafasi. Usipande TGV, treni ya kasi, huko baiskeli isiyokunjwa wala kufunguliwa ni lazima uilipie nafasi, kama treni hiyo inaipokea.

Kutoka Chalon kuna njia ya baiskeli hadi Givry. Baada ya hapo mizabibu iko kuliani kwako, imepanda kilima kwa safu zilizonyooka. Buxy, kisha Saint-Gengoux-le-National, ambako nakusihi ushuke uingie mji wa kale, vichochoro vyake vya mawe ni vya zama za kati na watu wengi huvipita kwa haraka. Stesheni za zamani bado zimesimama kando ya njia. Kila njia inapokatwa na barabara ya magari kuna vizuizi. Punguza mwendo, simama, tazama pande zote. Ni hapo tu utakapoyaona magari.

Lala Cluny. Abasia yake, yaani makao ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka lilipojengwa la Mtakatifu Petro, Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa lilibomolewa na mawe yakauzwa. Kilichobaki ni sehemu ndogo, na hiyo ndogo itakufanya uinue shingo. Njia inaendelea kusini kuelekea Mâcon kwa kupita handaki la Bois Clair, refu kilomita 1.6, baridi hata mwezi wa saba. Majira ya baridi hulifunga ili popo walale, nami naona wamefanya vyema.

Siku ya pili, ukijisikia, jaribu magari machache. Rudi na njia ileile hadi Cormatin, kisha shika D14 kuelekea mashariki. Chapaize ina kanisa la karne ya 11 lenye mnara mrefu kupita kiasi kwa kijiji kidogo vile. Halafu kuna kilima cha Brancion, ambacho ni kilima kweli, usione haya kushuka na kusukuma baiskeli. Juu kuna ngome na nyumba za mawe. Kutoka pale ni mteremko mwingi hadi Tournus, na treni ya Lyon inasimama Tournus. Kabla ya kuondoka mpe fundi aangalie breki zako. Nilikuwa fundi baiskeli Tanga kabla ya kuja huku, na baiskeli kuukuu naijua: vibao vya breki vikishakuwa vigumu, mteremko wa Brancion si mahali pa kugundua hilo. Beba tyubu ya akiba na pampu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na kaka yangu tutatoka Muscat mwezi wa nane kuendesha baiskeli Ufaransa. Vijiji tulivyoviona kwenye ramani havina hata duka. Maji tutapata wapi?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi, na karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Ingieni kwa utulivu, jazeni chupa, mtoke. Wenyeji wamezoea, wapanda baiskeli wote hufanya hivyo. Lakini someni kwanza: kikiwepo kibao cha "eau non potable", maji hayo ni ya maua tu.

Chakula nunueni asubuhi. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, Jumapili jioni hayapo, Jumatatu mengi hayafunguliwi, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu.

Mawili ya barabarani. Kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kuliani ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kwenye kijia chembamba kati ya nyumba mbili. Na wakati wa kiangazi mtakutana na kibao cha "gravillons": wamemwaga kokoto mpya juu ya lami. Punguzeni mwendo kabla ya kuzifikia, shikeni usukani sawa, na kwenye kona msiguse breki ya mbele.