Maswali yenu: feni za shingoni, vizibao vya barafu na joto la mazoezi

Joto limeanza na maswali yamemiminika. Nimechagua machache, na lile la kitambi nimelijibu mara moja kwa wote mlioliuliza.

Nimenunua feni ya kuvaa shingoni, nakimbia nayo jioni Dar. Inanipoza kweli?

Inakufanya ujisikie umepoa, na shida iko hapohapo. Ukikimbia, karibu robo tatu ya nishati inayotumika kwenye misuli inageuka joto, na joto hilo linatoka zaidi jasho linapokauka kwenye ngozi, sio linapodondoka chini. Sasa feni yako inapuliza kaeneo kadogo tu, tena hewa yenyewe ya Dar imeshajaa unyevu, jasho litakauka saa ngapi? Watafiti waliwavisha watu kola za baridi shingoni wakawakimbiza kwenye joto: walikaza muda mrefu zaidi, ila walipoacha joto lao la ndani lilikuwa juu kuliko walipokimbia bila kola. Yaani breki zilichelewa kushika. Vaa ukipenda, ila spidi yako usiiamulie shingoni.

Kizibao cha barafu kinakata kitambi?

Hapana. Na wewe unayejifunga nailoni tumboni, hapana pia, unachopunguza ni maji ya jasho tu, ukinywa yanarudi. Nishachoka na hili swali.

Kizibao hicho nivae kabla au wakati wa mbio?

Kabla, wakati unapasha misuli. Wapiga makasia wa Australia walifanya hivyo Olimpiki ya Atlanta 1996. Unaanza mbio mwili ukiwa haujapata joto sana kwahiyo unachelewa kuchemka. Ukikimbia nacho umebeba mzigo unaoziba jasho. Vaa fulana ndani, barafu isiguse ngozi, inaunguza. Mbio fupi achana nacho, misuli ikipoa inapoteza nguvu. Na vile vya kuloweka maji mnavyoagiza mtandaoni vinategemea maji yakauke, Dodoma kwenye hewa kavu sawa, Tanga kwenye unyevu utakuwa umejivika tambara bichi.

Glavu za kupoza viganja ni utapeli?

Wazo sio utapeli, watafiti kina Craig Heller wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wamelifanyia kazi miaka mingi: viganjani kuna njia maalum za damu za kutolea joto. Ila baridi ikizidi njia hizo zinajifunga. Bei ndo utapeli, jaribu kwanza kushika chupa ya maji baridi ukipumzika.

Mwenzetu wa joging alianguka akawa anaongea vitu havieleweki, tukamvisha feni tukamkimbiza hospitali na bajaji. Tulikosea?

Mlikosea, na mshukuru kama yuko hai. Mtu kachanganyikiwa katikati ya mazoezi ya joto, hesabu joto la ndani limepita nyuzi 40. Anapozwa KWANZA ndo anasafirishwa, huku mmoja wenu anapiga simu ya msaada. Mvueni, mzamisheni kwenye pipa la maji ya barafu mpaka shingoni, mtu amshike kichwa asizame. Hamna pipa? Mmwagieni maji mwili mzima bila kuacha, mpepeeni. Kama hajitambui msimnyweshe kitu. Doha 2019 marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa sita usiku kukwepa jua na bado 28 kati ya 68 hawakumaliza, nyie mnatoka saa tisa mchana na feni ya kuchaji!

Nimehamia Dar kutoka Njombe kwenye baridi, ninunue kifaa gani?

Usinunue. Kimbia alfajiri, polepole, wiki moja mpaka mbili, mwili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Ukimaliza hizo wiki niandikie tena.