Nani anapanga taasisi ipi ikaguliwe Texas?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni fundi bomba hapa Houston, mwaka 2019 tukasikia bodi inayotupa leseni inafutwa. Kwani wabunge wa jimbo wanaamka tu asubuhi na kuchagua nani wa kukaguliwa?

JIBU: Marahaba. Sanasana hawachagui, tarehe ya kufa imeshaandikwa kwenye sheria ya taasisi yenyewe, kawaida kila miaka 12, ikifika na bunge halijapitisha muswada wa kuiongezea muda basi inajifia, ndo utaratibu tangu 1977. Kabla ya tarehe hiyo taasisi inakaguliwa kuona kama ibaki au ifutwe, na ukaguzi unafanywa na kamisheni ya watu 12, maseneta 5, wawakilishi 5 na raia 2. Vyuo vikuu na mahakama hazimo. Siasa sasa iko kwenye kusogeza tarehe, maana bunge likitaka linaivuta mbele au kuirudisha nyuma, hapo ndo pa kuangalia.

Bodi yenu ilikwamia kwenye ubishi wa kuihamishia idara nyingine ya leseni, muswada ukafa, gavana Greg Abbott akaibakiza kwa amri yake hadi 2021 kwa kigezo cha maafa ya kimbunga Harvey (ujanja huo jamani!), halafu 2021 bunge likaiongezea muda kisheria.