Siri ya kitubio na mtoto aliyeumizwa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Swali lako si la kujibu kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Unasema wenzako hapo hospitalini Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, wamekubana: inakuwaje muuguzi akigundua mtoto anafanyiwa ukatili lazima aripoti, la sivyo anashtakiwa, lakini padre akisikia jambo hilohilo kwenye kitubio, mtu anapoungama dhambi zake, ananyamaza na sheria inamwacha? Ukaona uniulize mimi, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na Misa ya asubuhi bado siikosi.

Tuanze na sheria yenyewe ya huko kwenu, maana watu wanaisimulia nusunusu. Gavana Bob Ferguson, ambaye naye ni Mkatoliki, aliisaini Mei 2, 2025. Ilisema kiongozi wa dini akisikia mtoto anatendewa ukatili aripoti ndani ya saa 48, hata kama amesikia kwenye kitubio. Maaskofu wakaenda mahakamani. Julai 18, siku chache kabla sheria haijaanza, jaji wa shirikisho akaizuia kwa upande wa kitubio, na Oktoba serikali ya jimbo ikakubali kutowagusa mapadre kwa waliyoyasikia humo. Lakini tazama kilichobaki: padre akisikia ofisini, sakristia, kwenye jumuiya au barabarani, anawajibika kuripoti kama wewe. Kabla ya hapo Washington haikumdai hata hilo. Nimelifurahia sana, na ningependa wenzako walijue.

Nalifurahia kwa sababu sehemu kubwa ya ukatili wa mapadre kwa watoto ilifichwa nje ya kitubio. Yaliyofichuka Boston, Marekani, mwaka 2002 kuhusu mapadre walionyanyasa watoto yalikuwa kwenye mafaili ya Kanisa: wazazi waliandika barua, barua zikasomwa, padre akahamishiwa parokia nyingine yenye watoto wengine. Hapakuwa na sakramenti yoyote pale. Walikuwa wakubwa wanaolinda jina, kama ambavyo huku kwetu ukoo hukaa kikao, mbuzi akaletwa na fedha kidogo, ikasemwa mambo yameisha kinyumbani. Nimevunja vikao vya namna hiyo na kutukanwa. Sheria yetu ya Mtoto hapa Tanzania, ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa. Kila mwanajamii, baba. Shangazi na mjomba wamo.

Sasa kitubio chenyewe. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamuru padre anayefichua dhambi ya mtu aondolewe upadre, na mpaka leo muungamishi anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Kwa mkosaji mtu mzima anayekuja kuungama, mimi nasema siri ibaki. Akijua pale panaelekea polisi, hatafika kabisa, na atakuwa amekosa mahali pekee ambapo mtu angemwambia usoni kwamba aache na ajisalimishe.

Ila sitakuficha kinachonitesa. Michael McArdle, aliyekuwa padre Queensland, Australia, alieleza kwenye kiapo chake mwaka 2004 kwamba alikuwa ameungama unyanyasaji wake wa watoto mara kama 1,500, kwa mapadre wapatao 30, katika miaka 25. Alipewa sala za malipizi, akarudi kwa watoto. Mapadre 30! Sheria ya Kanisa inadai muungamaji aikatae dhambi yake na awe na nia ya kujirekebisha. Bila hivyo ondoleo la dhambi halimfai. Mtu anayerudi na dhambi ileile wiki hadi wiki, na mtoto yuleyule yuko mikononi mwake, hiyo nia iko wapi? Wangeweza kumnyima ondoleo bila kuvunja siri hata chembe. Hapo sioni kosa la sakramenti, naona mapadre waliochoka kusikiliza au waliomwonea huruma mwenzao kuliko mtoto.

Nakuja kwa mtoto, kwa sababu ndipo jibu langu lilipo. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi na kumaliza kazi Desemba 2017 baada ya miaka mitano, ilisikia kwamba wapo watoto walioyasema mateso yao kwenye kitubio. Ikawaomba maaskofu wa Australia waulize Roma: anachosema mtoto aliyeumizwa, nacho kinafunikwa na siri? Mwaka 2020 jibu likaja kwamba kinafunikwa. Padre amtie moyo mtoto akamwambie mtu mwingine nje.

Hapo sikubaliani nao, na nalisema kwa heshima zote kwa Kanisa lililonilea. Waliojibu hivyo nadhani hawajawahi kukaa na mtoto wa namna hiyo. Mimi nimekaa nao. Mwalimu mmoja aliwahi kuniletea binti wa darasa la tatu. Nikawa napanga karatasi ili asione namkodolea macho, naye anakwangua rangi ya ukingo wa meza kwa kucha. Akasema, bila kuniangalia, kwamba baba mdogo huingia chumbani kwao usiku. Sentensi moja. Kisha akauliza kama anaweza kurudi darasani. Alipohojiwa baadaye na polisi alikana kila kitu. Daktari ndiye aliyethibitisha. Kama siku ile ningemjibu, “Umefanya vizuri, sasa nenda kamwambie mtu mwingine,” yale maneno yasingesikika tena.

Mtoto mara nyingi husema mara moja. Anapima. Akiona mtu mzima amesikia na hakuna kilichobadilika, anahitimisha kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Tena alichosema si dhambi yake. Siri iliwekwa kumlinda anayeungama kosa lake. Mtoto hajakosa, amekosewa. Tukiifunika taarifa yake kwa siri ileile, anayelindwa ni yule mtu wa usiku. Wapo watakaosema mtoto akijua padre atatoa taarifa hatasema. Ofisini kwangu hatukuwahi kumwahidi mtoto siri. Nilikuwa nawaambia mapema: ukiniambia mtu anakuumiza, nitamtafuta wa kukusaidia. Wengine walinyamaza, kweli. Wengi walisema, nami naamini walisema kwa sababu ya neno hilo, si licha yake.

Kwa hiyo wajibu wenzako hivi: mama yangu anataka siri ya mkosaji ibaki, na anataka Papa atamke kwamba jeraha la mtoto halimo ndani ya siri hiyo. Ni Roma inayopaswa kulifanya, kwa kuwa serikali ikilazimisha, mapadre watakwenda jela kwa dhamiri na hakuna mtoto atakayeokolewa kwa hilo. Mpaka litamkwe, nitaendelea kuliuliza kwa paroko na kwa askofu nikikutana naye.

Na kuhusu mjukuu wangu anayejiandaa na Komunyo ya kwanza: mpeleke aungame, usiogope. Ila usiku kabla ya siku hiyo kaa naye, wewe na mama yake, mumwambie wazi kwamba kitubioni anapeleka makosa yake tu. Mtu mkubwa akimgusa vibaya au akimwambia atunze siri, hilo si kosa lake na halipelekwi kule, linaletwa kwenu, hata kama mtu huyo ni ndugu, hata kama ni padre. Mwambie pia shangazi yake na mimi tunaweza kupigiwa simu saa yoyote. Namba zetu mwandikie kwenye daftari lake la mafundisho.

Nakuombea,
Mama yako