Mtoto analala mwaloni: nianzie ofisi gani?

SWALI: Kuna mtoto wa kiume, kama miaka 12, analala kwenye vibanda vya mwaloni (soko la samaki ufukweni) Kirumba, Mwanza. Anasema kwao ni Sengerema. Tulimchangia nauli akaenda, baada ya wiki mbili karudi. Nimwone nani, Jiji au Ilemela? Na mzee asiye na ndugu je?
Mama lishe, Kirumba

JIBU: Ni Ilemela, mama. Kirumba iko kwenye manispaa hiyo. Halmashauri ya Jiji inashika Nyamagana, kwa mfano Makoroboi na stendi ya Nyegezi.

Anza kwa mtendaji wa mtaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa za mtoto anayekosa haki zake azifikishe serikali za mitaa, kwa hiyo huendi kuomba fadhila. Peleka barua, ubaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Andika jina analotumia, anapolala na saa ngapi hupatikana, majeraha kama yapo, na hasa shule aliyosoma. Watoto wengi hubadili majina wakifika mjini, lakini mwalimu mkuu humtambua mwanafunzi wake na anawajua wazazi.

Mtendaji amfikishe kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu ndiye anayemhoji mtoto faragha, anafungua jalada na kuwasiliana na mwenzake wa Sengerema ili nyumbani kukaguliwe kabla ya safari. Nauli yenu ilitolewa kwa moyo mwema, ila iliruka hatua hii: kilichomkimbiza, kiwe kipigo, njaa au mzazi wa kambo, alikikuta palepale. Kama nyumbani si salama, atafutiwe ndugu mwingine au mlezi wa kuaminika. Makao ya watoto ni hatua ya mwisho, na usimpeleke mwenyewe; hupokelewa kupitia ustawi.

Akiwa ameumizwa au amenajisiwa, usisubiri barua. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure, au mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi wampe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), kisha hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai zaidi ya hapo. Tafadhali msimpige picha na kuisambaza WhatsApp. Aliyemtesa naye ana simu.

Mzee hupitia mlango huohuo wa mtaa na ustawi. Akithibitika hana wa kumtunza, yapo makazi ya wazee ya serikali Bukumbi, wilayani Misungwi.

Wiki ikipita kimya, chukua nakala yako uende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa manispaa.