Mama Mkuu wa masista ana mamlaka gani?

Barua zilizonifikia mwezi huu karibu zote zinagusa jambo hili. Najibu tano.

Masista wa parokia yetu wana mkuu wao. Ndiye Mama Mkuu? (Masaka)

Siye. Huyo ni mkuu wa nyumba, anaangalia masista wachache anaoishi nao. Mama Mkuu anaongoza shirika zima na nyumba zake zote. Kwa Bannabikira, shirika la wenyeji lililoanza mwaka 1910, makao makuu yako Bwanda, huko huko kwenu.

Paroko anaweza kumhamisha sista anayefundisha shule ya parokia? (Jinja)

Hawezi. Sista aliweka nadhiri ya utii ndani ya shirika lake, na anayempangia kazi ni mkuu wake. Paroko mwenye malalamiko aongee na mkuu huyo. Nalisema wazi kwa sababu nimeona masista wakiamrishwa kama vibarua wa parokia, na hilo linaniuma.

Nani humchagua Mama Mkuu, na hukaa mpaka kufa? (Tororo)

Sheria ya Kanisa inataka Mama Mkuu wa shirika achaguliwe, naye awe sista aliyekwisha kuweka nadhiri za daima. Wajumbe kutoka nyumba mbalimbali hukutana katika mkutano mkuu na kupiga kura. Shirika likiwa la kijimbo, yaani lililo chini ya askofu wa jimbo, askofu ndiye anayesimamia uchaguzi huo. Miaka ya uongozi huwekwa na katiba ya shirika. Ikiisha, anarudi kuwa sista kama wenzake, na anaweza kutumwa kazi na yule aliyekuwa akimtuma jana. Hapo ndipo mimi huvua kofia.

Wala hatawali peke yake. Ana baraza la washauri, na yapo mambo ambayo hawezi kuyaamua bila wao. Tena haruhusiwi kumshurutisha sista amfunulie siri za dhamiri yake.

Bibi yangu huita hospitali "Kevina". Neno hili limetoka wapi? (Kampala)

Limetoka kwa Mama Kevin. Aliitwa Teresa Kearney, alizaliwa Ireland mwaka 1875 katika wilaya ya Wicklow, na jina la utawa alilipata kwa Mtakatifu Kevin wa huko kwao. Alifika Nsambya, hapo Kampala, Januari 1903 pamoja na masista wengine watano, wakaanza kutibu watu chini ya mwembe. Mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, la mabinti wa Kiafrika, lenye makao Nkokonjeru. Mwaka 1952 akaanzisha lingine la wamisionari, akaliongoza hadi 1955. Alipoachia uongozi, mwenye umri wa miaka 80, alikwenda Boston kutafuta fedha kwa ajili ya kazi za Afrika. Alifariki huko Oktoba 1957. Waganda hawakukubali alale ugenini: mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Nkokonjeru. Kwa hiyo bibi yako hakosei. Kwa watu wa rika lake, mahali pa kutibiwa na jina la mama huyo vilikuwa kitu kimoja.

Na abesi je? Nikikutana na Mama Mkuu nimwiteje? (Kasese)

Abesi anaongoza abasia, yaani monasteri inayojitegemea, kama zile za Wabenediktini. Hupewa baraka maalumu, lakini baraka hiyo si upadre. Misa huadhimishwa na padre. Kuhusu salamu, "Mama" inatosha na ni ya heshima. Siku hizi yako mashirika ambayo hata mkuu huitwa Sista. Ukisikia wenzake wanamwita hivyo, fuata wao.