Duka likikunyima usingizi, anza na mlango wa jikoni

Wiki hii dada mmoja mwenye duka la rejareja Dar es Salaam ameniandikia. Anafungua saa 12 asubuhi, anafunga saa 5 usiku, siku zote saba, na watoto wake huwakuta wamelala. Anauliza aupangeje muda wake. Dada, jibu langu huenda lisikupendeze: kabla ya kugusa saa, gusa pesa. Wenye maduka wengi huongeza saa za kazi kwa sababu mtaji unavuja, na unavujia nyumbani kwao.

Chukua duka linalouza shilingi 300,000 kwa siku. Faida ya vyakula ni ndogo. Tuseme kwa wastani ni asilimia 10, yaani 30,000. Toa kodi ya fremu 5,000 (150,000 za mwezi ukizigawa kwa siku 30), msaidizi 5,000, kisha umeme, mifuko na nauli ya mzigo 5,000. Inabaki 15,000. Sasa hesabu vinavyoingia ndani kwako: sukari, mafuta, mkate, sabuni, nauli ya watoto, mchango wa msiba. Vikifika 20,000, unakula mtaji 5,000 kila siku, 150,000 kwa mwezi. Rafu zinapwaya, mteja akikosa unga anahamia kwa jirani, mauzo yanashuka, nawe unaona dawa ni kukesha. Hata ukikesha mwaka mzima, tundu hilo halizibiki.

Jilipe mshahara. Kwa hesabu hiyo ni 10,000 kwa siku, na uuchukue mara moja kwa wiki, Jumamosi baada ya kufunga mahesabu: 70,000. Ile 5,000 inayobaki ni ya dharura, ya kuongeza mzigo, na ya TRA. Kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na asiyeitengea huichomoa kwenye bidhaa. Chochote kinachotoka dukani kwenda jikoni kilipiwe kutoka kwenye 70,000 hiyo, hata kibiriti. Kama fremu iko mbele ya nyumba na ina mlango wa ndani, utie kufuli, watu wa nyumbani wazunguke mbele kama wateja wengine. Lakini kabla ya kufuli, kaa na mwenzako umwoneshe hesabu zikiwa zimeandikwa. Akishtukizwa atadhani unamficha pesa, na ugomvi wa namna hiyo huchosha kuliko duka lenyewe.

Ukishaziba hapo, njoo kwenye saa. Kwa siku 14 andika mauzo ya kila kipindi: asubuhi, mchana, jioni, na kuanzia saa 3 usiku. Usikisie. Tuseme saa 3 hadi saa 5 unauza 18,000. Faida yake ni 1,800, kwa mwezi 54,000, nawe umetoa saa 60. Tena baadhi ya wateja hao, wakizoea kwamba unafunga saa 3, watakuja saa 2. Ila kama uko jirani na kituo cha daladala, huenda usiku ndio unaobeba duka. Basi usiuache, pumzika saa 8 hadi saa 10 mchana. Bandika saa zako mlangoni na uzitangaze wiki nzima kabla. Ukifunga leo saa 3 na kesho saa 5, watu watakugongea dirishani mpaka usiku wa manane, na hutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Simu nayo ni mlango. Laini ya duka iwe kwenye simu yake, hata ya bei ndogo, nayo ilale dukani. Kama wewe pia ni wakala wa pesa za simu, kumbuka kwamba floti (salio la uwakala lililo kwenye simu) ukijumlisha na taslimu lazima ziwe sawa na mtaji wa uwakala kila jioni: mtaji ukiwa 1,000,000 na floti 640,000, kwenye droo kuwe na 360,000. Kamisheni iandike peke yake. Kosa linalowaangusha wengi ni kuchota taslimu hiyo kulipia mzigo. Mteja akija kutoa pesa anakosa, na kesho hatarudi.

Sasa msaidizi, maana bila yeye hakuna Jumapili ya mapumziko. Watu humkabidhi funguo bila kuhesabu, halafu pesa zikipungua wanamwita mwizi. Hesabu mzigo pamoja naye, wote mkiwepo, kwa bei ya kuuzia. Kanuni ni hii: mzigo wa mwanzo, jumlisha ulioingia, toa uliobaki, jibu ndiyo mauzo yanayotakiwa. Lilinganishe na taslimu, pesa za Lipa Namba na madeni mapya. Duka zima lihesabiwe mara moja kwa mwezi, lakini bidhaa 15 zinazotoka haraka zihesabiwe kila siku: sigara moja moja, soda, vocha, mchele, unga, mafuta.

Na usimshike mtu shati kwa upungufu wa mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukiuzwa robo robo ni vipimo 200. Kila kipimo kikizidi gramu 5 tu, kilo nzima imepotea bila mtu kuiba. Msimamie apime mara 20 mbele yako, na mizani iwe juu ya meza iliyonyooka. Bei zote ziandikwe kwenye karatasi ukutani, ili asikupigie simu kila dakika kumi. Madeni yawe na kikomo, tuseme 10,000 kwa mteja, na daftari lisitoke dukani. Likienda nyumbani, wadaiwa na wakopaji watalifuata huko.

Usianze kwa kumwachia siku nzima. Mwachie kwa muda wa saa mbili tu mchana wiki ya kwanza, nusu siku wiki ya pili, Jumapili nzima wiki ya nne. Kila ukirudi, kabla ya kuuliza habari za mauzo, hesabu zile bidhaa 15.